Ufuo Ulifaa, Wiki Haikufaa: Kisa cha Familia ya Watu Tisa Kutoka Nairobi

Familia iliyo katika kisa hiki ilichagua mahali kwa uangalifu ambao wengi hawana, ikafika, ikakuta bahari imeondoka. Kila asubuhi kwa siku nne. Majina yao, mtaa wanaoishi na nyumba waliyokodi vimeondolewa. Tumekiandika kisa kwa kirefu kwa sababu hatua zao nyingi zinafaa kuigwa, na kosa lao kubwa linaweza kuepukwa bila kuongeza hata shilingi moja.

## Usuli

Waliosafiri walikuwa tisa: baba na mama, nyanya wa miaka 71 mwenye maumivu ya magoti na anayemeza dawa ya presha kila asubuhi, shangazi mmoja, watoto wanne wa miaka 15, 12, 7 na 2, na msaidizi wa nyumbani. Fedha zilikuwa shilingi 190,000 kwa usiku sita. Sehemu kubwa ilitoka kwenye zamu ya mama katika chama cha kuchangishana fedha, nyingine ikawekwa kidogo kidogo tangu Januari.

Muda ulikuwa likizo ya Agosti. Likizo ya Aprili ilikataliwa mapema, na kwa haki: masika ya pwani huanza kushika mwishoni mwa Machi na mvua nyingi zaidi hunyesha Mei. Desemba ilikataliwa kwa bei. Agosti ni msimu wa kusi. Mchana joto huwa nyuzi 27 au 28, mvua ni manyunyu ya asubuhi yanayopita, na upepo unavuma kutoka kusini mashariki kwa nguvu. Kwa mtoto mdogo na mtu mzima mwenye presha, joto la Agosti ni afadhali kuliko lile la Februari.

Sehemu tano zilitajwa kwenye kundi la WhatsApp la familia: Diani, Nyali na Bamburi, Kilifi, Watamu, na Lamu. Kura ya kwanza ilikwenda Watamu. Picha za ghuba zake zenye visiwa vidogo vya mawe zilikuwa zimemshika kila mtu, na kijana wa miaka 15 alitaka kuona magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani.

## Jinsi uamuzi ulivyogeuka

Shangazi ndiye aliyesimamisha kura. Hoja yake ilikuwa kwamba waliopiga kura ni wale wenye miguu mizima na simu mkononi. Akauliza: nyanya anaweza kuketi saa ngapi bila kunyoosha goti? Mtoto wa miaka miwili analala wapi mchana? Watu hawa wawili wasingeweza kuzoea lolote ambalo wengine wangelichagua, kwa hiyo orodha ikaanza kwao. Huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kisa hiki.

Nyanya alisema mwenyewe kwamba safari ya saa sita anaiweza, mradi aweze kusimama na kutembea kidogo. Hilo liliondoa gari la kukodi kutoka Nairobi. Barabara ya Mombasa ni karibu kilomita 480, malori ni mengi, na saa nane au kumi ndani ya gari ni za kawaida. Basi la usiku liliondolewa kwa sababu hiyo hiyo. Ndege ya watu tisa ingekula fedha za nyumba. Ikabaki reli ya SGR.

Ukishachagua reli, umechagua pia kushuka Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, na hapo ndipo ramani inabadilika. Kutoka Miritini hadi Watamu ni zaidi ya kilomita 110 kupitia Mtwapa na Kilifi. Mtwapa kuna msongamano wa kuchosha, kwa hiyo hesabu saa mbili na nusu hadi tatu juu ya zile za treni. Kutoka Miritini hadi Diani, barabara ya Dongo Kundu inakupeleka upande wa kusini bila kugusa kivuko cha Likoni, na kwa van ni saa moja hivi. Zamani Diani ilikuwa na sifa ya usumbufu kwa sababu ya foleni ya feri. Watu wengi wa Nairobi bado wanaikwepa kwa sifa hiyo ya zamani.

Lamu iliondolewa haraka: ni mbali, nyumba za mji wa kale zina ngazi nyingi, na ufuo wa Shela hauna mwamba wa kuvunja mawimbi karibu. Kilifi ilipendwa, hasa ufuo wa Bofa, lakini nyumba zilizopatikana kwa bei yao zilikuwa ghorofani. Nyali na Bamburi zilibaki hadi mwisho. Ziko karibu na hospitali kubwa, Fort Jesus iko mjini, na bustani ya Haller ipo pale pale Bamburi kwa siku ambayo watoto wamechoka maji. Kwa familia yenye mgonjwa anayehitaji daktari bingwa karibu, tungesema Nyali bila kusita. Nyanya huyu alihitaji dawa zake na kiti kizuri, na Ukunda, mji ulio jirani na Diani, kuna zahanati na hospitali za kutosha kwa dharura ya kawaida. Diani ikashinda kwa sababu ya nyumba.

## Kutafuta nyumba

Nyumba tatu zilifikia hatua ya kuulizwa bei.

Ya kwanza ilikuwa shilingi 6,500 kwa usiku, vyumba vinne na bwawa. Bei hiyo kwa nyumba ya namna hiyo katika mwezi wa Agosti ni ya kutiliwa shaka. Mwenyewe alitaka fedha zote zitumwe kwenye namba ya mtu binafsi siku hiyo hiyo, "kuna mteja mwingine anasubiri." Baba aliomba wapigiane simu ya video mtu akiwa ndani ya nyumba. Ikawa leo mtandao mbaya, kesho mlinzi hayupo. Wakaachana nayo.

Ya pili iliandikwa "mita 200 kutoka ufukweni." Safari hii video ilipatikana, na shangazi akamwomba mtunzaji ashike simu atembee kutoka getini hadi maji yanapogusa miguu. Alitembea dakika 11. Mita 200 zilikuwa za ndege: mbele ya nyumba kulikuwa na viwanja vyenye kuta, na njia ya umma ya kufika ufukweni ilikuwa mbali, ikizunguka. Ufuo wenyewe ni wa kila mtu, lakini njia ya kuufikia inaweza kuwa na kufuli. Kwa magoti ya nyanya, dakika 11 kwenda na 11 kurudi kwenye mchanga mlaini ni sawa na kumwacha nyumbani.

Ya tatu ilikuwa shilingi 14,000 kwa usiku: vyumba vinne, kimoja chini chenye bafu lake, mpishi ndani ya bei, bustani inayoishia ufukweni. Wakalipa amana ya asilimia 30, iliyobaki wakailipa walipofika. Kwa kuwa nyumba ilikuwa juu ya ufuo wenyewe, hakuna aliyeomba video ya kutembea. Utaona ilivyowagharimu.

## Mfuatano wa safari

Jumatatu. Walichukua treni ya saa mbili asubuhi kutoka Syokimau, ile inayosimama njiani, ili wafike mchana. Treni ya saa tisa alasiri ina kasi zaidi, ila inafika usiku, na kuingiza watoto nyumba ngeni gizani si jambo la kutamani. Walifika stesheni saa kumi na mbili na nusu. Ukaguzi unaanzia nje: mizigo inapangwa chini kwa mstari, mbwa anapita, kisha mashine. Kisu cha matunda kilichokuwa kwenye kikapu cha chakula kilibaki hapo.

Viti vya daraja la kawaida vinatazamana na mgongo wake haulali. Kwa hiyo waligawanyika: nyanya na shangazi daraja la kwanza kwa shilingi 4,500 kila mmoja, wengine daraja la kawaida kwa 1,500. Mtoto wa miaka 7 alilipa nusu, yaani 750. Yule wa miaka 12 alilipa nauli kamili, maana nusu ni ya miaka 3 hadi 11, na mdogo kabisa hakulipa. Jumla 17,250 kwa njia moja. Zile shilingi 6,000 zilizoongezwa kwa ajili ya watu wawili ndizo zilizomfanya nyanya ashuke Miritini akitembea mwenyewe.

Van ya kuwapeleka Diani ilikuwa imekubaliwa mapema kwa 7,000, mizigo ndani ya bei. Saa kumi alasiri walikuwa nyumbani, na maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye ukuta wa bustani. Mawimbi yalipiga mawe. Mchanga haukuonekana.

Hapo pia ndipo nyanya alipoona ngazi: 14, za mawe, bila mahali pa kushika, kutoka bustanini hadi ufukweni. Waliuliza kama chumba chake kiko chini. Hawakuuliza kama ufuo uko chini zaidi.

Jumanne hadi Alhamisi. Watoto waliamka saa kumi na mbili wakakimbia kwenye ukuta. Maji yalikuwa yakiondoka. Kufikia saa nne ufuo ulikuwa uwanja wa mchanga na majani ya baharini, vidimbwi hapa na pale, na bahari yenyewe mstari wa buluu mbali karibu na mwamba. Siku hiyo ulikuwa mwandamo wa mwezi. Walikuwa wameingia katikati ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kukupwa kuliko kawaida.

Fuata saa zilivyokwenda. Maji yalikupwa kabisa saa nne asubuhi, na kwa saa mbili kabla na mbili baadaye hapakuwa na kina cha kumfika mtu mzima magotini. Yalijaa kabisa karibu saa kumi alasiri, na kuanzia saa tisa hapakuwa na mchanga wa kukanyaga mbele ya nyumba. Wakati uliobaki wa mtoto kuoga baharini ulikuwa saa saba hadi saa tisa mchana, wakati jua bado ni kali sana. Wakaoga wakati huo, kwa kuwa ndio uliokuwepo. Kufikia Jumatano jioni msichana wa miaka 12 alikuwa na mabega mekundu yanayouma hata kwa shuka. Wazazi wengi wetu hudhani ngozi nyeusi haiungui. Inaungua, hasa ile iliyozoea mawingu ya Julai ya Nairobi.

Jumatano asubuhi kijana wa miaka 15 alitembea peku kwenye vidimbwi akakanyaga mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi. Miiba sita ilivunjikia kwenye kisigino. Mpishi aliweka mguu kwenye beseni la maji ya moto ya kuvumilika, akakata papai bichi, akapaka utomvu wake kama wafanyavyo watu wa huko. Zahanati ya Ukunda ilimalizia kazi. Sandak za plastiki, ambazo huuzwa Nairobi kila kona, zingetosha.

Ijumaa na Jumamosi. Mlinzi wa nyumba ya jirani, mzaliwa wa hapo, ndiye aliyeokoa safari ya nyanya. Alimkuta ameketi juu ya ngazi akitazama chini.

"Shikamoo nyanya. Huteremki?"

"Marahaba mwanangu. Magoti haya yamekataa."

Akawaeleza kwamba mwendo wa tuktuk dakika tano kuna mkahawa ambao njia yake inashuka kwa mteremko hadi mchangani, bila ngazi, na anayenunua soda anaruhusiwa kupita. Wakabeba kiti cha plastiki. Mara ya kwanza miguu ya kiti ilizama kwenye mchanga wenye maji na nyanya akainama upande. Mlinzi alikuwa amewaambia wachukue kipande cha ubao, wakakiweka chini ya miguu ya kiti, kikatulia. Nyanya aliketi hapo, maji yakija hadi kwenye vifundo na kurudi, kanga imekunjwa juu ya magoti, zaidi ya saa nzima. Alisema amengoja hilo tangu akiwa msichana.

Siku hizo pia walipanga upya ratiba nzima kwa kufuata maji, na mengi yaliyoonekana hasara yakageuka. Bamvua linapokupwa, fungu za mchanga hutokeza na matumbawe ya karibu huonekana vizuri, kwa hiyo boti ya kioo ilihamishwa kutoka alasiri hadi saa tano asubuhi. Walipatana 4,500 kwa boti nzima, saa mbili, na wakalipa waliporudi. Nahodha aliwaonya wasikanyage matumbawe na wasisogee kwenye mlango, yaani pengo la mwamba ambalo maji ya ghuba hutokea yakipwa. Mkondo wa hapo humshinda hata mwogeleaji mzuri, na sehemu nyingi za ufuo hazina waokoaji.

Jumapili. Waliondoka baada ya chakula cha mapema, wakapanda treni ya saa tisa, Syokimau saa mbili usiku.

## Fedha zilivyokwenda

Nyumba ilikuwa 84,000, treni kwenda na kurudi 34,500, van 14,000, chakula na maji 36,000, matembezi na tuktuk 9,500. Jumla 178,000, na 12,000 zilizobaki ziliwekwa kando kwa dharura. Dharura zililiwa na vitu vitatu: zahanati na dawa 3,400, bakshishi ya mpishi 3,000, ambayo hawakuipangia nafasi ingawa walipaswa, na tokeni za umeme 4,800.

Tokeni ziliwashangaza. Bei ya nyumba haikuwa na umeme ndani yake, na viyoyozi viwili vilikesha vikinguruma. Agosti usiku pwani hushuka hadi nyuzi 21 au 22. Dirisha lenye wavu na feni vinatosha kabisa.

Maji ya kunywa nayo yanataka hesabu. Maji ya visima vya Diani mara nyingi yana chumvi, na kuyachemsha hakuondoi chumvi. Watu tisa kwa lita tatu kila mmoja ni lita 27 kwa siku, kabla ya chai na ugali. Siku ya kwanza walinunua chupa ndogo ndogo, wakatumia karibu fedha za siku tatu. Mpishi akawaagizia madumu ya lita 20, mawili kwa siku, yakaletwa mlangoni.

Kwa chakula walifanya vizuri sana. Mpishi ndiye aliyekwenda kwa wavuvi asubuhi, akarudi na changu au tafi kwa bei ya mwenyeji, na jioni mahamri na mbaazi za kesho yake zilikuwa zimeshaandaliwa. Kumpa mpishi fedha za siku na kumwacha aamue kulingana na kilichovuliwa kulikuwa nafuu kuliko kumpa orodha iliyoandikwa Nairobi.

## Matokeo

Siku ya tisa baada ya kurudi, mtoto wa miaka 7 alipata homa na kuumwa kichwa. Kliniki ya mtaani ilianza kuzungumzia mafua. Mama akasema: "Daktari, tulikuwa pwani." Kipimo kikaonyesha malaria. Akatibiwa mapema, akapona. Mtoto huyo alikuwa amelala usiku wa kwanza kwenye godoro la sebuleni bila chandarua, kwa sababu vyandarua vilikuwa vya vitanda vya vyumbani tu. Malaria ya huko kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi kuonyesha dalili. Watoto waliokulia Nairobi hawana kinga ya kuzoea. Homa yoyote katika wiki zinazofuata safari ya pwani ni ya kupimwa siku hiyo hiyo.

Nyanya hakupata shida ya presha. Mabega ya msichana yalichubuka yakapona. Msaidizi wa nyumbani alipewa siku mbili zake mwenyewe, Alhamisi na Jumamosi, akaenda Ukunda na kuoga baharini kwa mara ya kwanza maishani. Hilo lilipangwa tangu mwanzo kwa shinikizo la mama, na familia nyingi zingefanya vyema kulipanga, maana kwa msaidizi, likizo ya tajiri wake mara nyingi ni kazi ile ile kwenye jua kali zaidi.

## Uchambuzi

Mahali palikuwa sahihi. Kuanza na nyanya na mtoto mdogo, kisha usafiri, kisha kituo cha kushukia, kisha mji, na nyumba mwisho, ni mpangilio unaofaa kwa familia yoyote yenye mzee. Wengi huanza na picha ya nyumba na kulazimisha mengine yaifuate. Kuacha safari ya boti ya hifadhi ya bahari ya Kisite na kisiwa cha Wasini pia kulikuwa sahihi: wakati wa kusi bahari ya wazi huko Shimoni huchafuka, na mtoto wa miaka miwili na nyanya wangeumia bure.

Ngazi 14 zilitokana na kulegea. Kwa nyumba waliyoitilia shaka walidai video hadi majini. Kwa nyumba waliyoipenda, wakaamini. Nyumba unayoipenda ndiyo inayohitaji video hiyo zaidi.

Lakini kosa lililogharimu siku nne lilikuwa tarehe. Walichagua wiki ya pili ya likizo kwa sababu tiketi za wiki ya kwanza zilikuwa zimekwisha na baba alipata ruhusa kazini. Mwezi wa angani hakuna aliyeutazama. Bahari ya Mombasa na Diani hujaa na kukupwa mara mbili kwa siku, na saa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi. Wakati wa maji mafu, ambayo ni kinyume cha bamvua, hushuka hadi karibu mita moja. Jambo ambalo wageni hawalijui ni kwamba kwenye pwani hii bamvua hukupwa karibu saa zile zile kila mara: katikati ya asubuhi. Maji mafu nayo hujaa katikati ya asubuhi, taratibu, na kuacha mchanga wa kuchezea.

Weka hilo kando ya maisha ya mtoto wa miaka miwili. Katika wiki ya maji mafu angeingia majini saa mbili hadi saa tano asubuhi, jua likiwa bado la huruma, kisha angekula na kulala. Katika wiki ya bamvua aliingia saa saba. Mabega yaliyoungua, ufuo uliomezwa na maji jioni na watoto waliokaa bure asubuhi vilitoka kwenye tarehe hiyo moja. Likizo ya Agosti ina karibu wiki tatu, na bamvua na maji mafu hupokezana kila wiki moja hivi. Wiki nzuri ilikuwemo. Ilikuwa inayofuata.

Anayefuata kalenda ya Kiislamu hahitaji programu ya simu. Tarehe 1 na 15 za mwezi ni kiini cha bamvua, na nguvu yake huonekana siku moja au mbili baadaye. Tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Asiyeifuata atazame angani: mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini nalo hupatikana mtandaoni, na linafaa kwa Diani pia.

Mtu anaweza kutaka bamvua kwa makusudi. Vijana wanaotaka kutembea hadi kwenye fungu za mchanga, au kufika kwa miguu kwenye visiwa vya mawe vya Watamu, wataipenda wiki hiyo. Wavae viatu tu. Kwa nyanya na mtoto mchanga, maji mafu.

Familia imeshaanza kuzungumzia Desemba, wiki ya kwanza, kabla bei hazijapanda. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, itakuwa imeanza, na Watamu imerudi mezani, safari hii kwa kulala usiku mmoja Nyali ili nyanya apumzishe magoti kabla ya barabara ya Kilifi. Malindi wameiacha kwa kuoga: kwa kaskazi maji mekundu ya mto Sabaki hushuka kuelekea mjini, hasa baada ya mvua za vuli. Shangazi amekwisha kuandika ujumbe wa kumtumia mwenye nyumba yoyote kabla ya amana. Una maswali haya: ngazi ni ngapi kutoka kitandani hadi mchangani, na zina mahali pa kushika? Maji yakijaa sana, mchanga unabaki? Vyandarua ni vingapi, na sebuleni je? Umeme analipa nani? Maji ya bomba ni ya chumvi? Na mwisho: tafadhali tembea na simu hadi majini, saa nne asubuhi.